Asubuhi za Nkambo Ngoie

Jirani aliyehamia nyuma ya ukuta wangu hapa Lubumbashi anatengeneza munkoyo, kile kinywaji chetu cha uji wa mahindi unaotiwa mizizi ya porini. Sijawahi kumwona usoni. Namjua kwa harufu tu: uji unaopoa, mizizi iliyopondwa ikiwa bado mbichi, na uchachu mdogo unaokuja siku ya pili. Ikiingia dirishani kabla sijafumbua macho vizuri, naacha kuwa mtu mwenye kazi na funguo za nyumba. Nakuwa tena mtoto wa Kamina, nimelala kwenye mkeka katika nyumba ya matofali ya kuchoma karibu na reli, nasikiliza mwanamke mzee akizungumza uani na mtu nisiyemwona.

Mwanamke huyo alikuwa Nkambo Ngoie. Kwetu nkambo ni bibi au babu. Yeye alikuwa dada mkubwa wa babu yangu mzaa mama. Mumewe alifanya kazi ya reli akafa zamani. Watoto wake wawili aliwazika mwenyewe, na wa tatu alivuka kwenda Angola kutafuta almasi, habari zake zikakatika. Nilipofika kwake alikuwa ameishi peke yake muda mrefu hata sufuria zake zote zilikuwa ndogo.

Nilitoka upande wa Mulongo, kwenye maji. Wenzangu wa rika langu mliotoka Malemba-Nkulu mnaikumbuka miaka ile, sina haja ya kueleza nani alishika bunduki na nani alishika panga. Kwa mtoto walikuwa watu tu waliokuja, na nyuma yao moshi. Mama alinipandisha kwenye mtumbwi wa mdogo wake, mjomba Banza, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya matete. Yeye hakupanda. Mama yake alikuwa mgonjwa ndani, hawezi kutembea, na hapakuwa na mwingine wa kubaki naye. Alinifunga kitambaa chake kichwani, akakaza fundo mpaka likaniuma.

"Enda na mujomba," akasema. "Minyi nitakuja nyuma."

Kwetu minyi ni mimi; na kwa mtoto, nyuma ni mahali, si wakati. Basi njia nzima nilikaa nimegeuza shingo. Nilitazama nyuma ya mtumbwi mpaka Kinkondja, nikatazama nyuma ya baiskeli, nikatazama nyuma ya lori, na vumbi lilipokuwa jingi nikatazama vumbi. Mjomba Banza alinikabidhi kwa Nkambo Ngoie, akanywa maji, akageuka kurudi mtoni. Sikulia. Niliona vema, kwa sababu anakwenda upande aliko mama.

Kamina ilinishangaza kwa ukavu wake. Ardhi ilikuwa imara kila mahali, hakuna ilipotikisika chini ya mguu. Hakukuwa na chura, hakukuwa na mlio wa kasia. Maji yalikuwa kitu cha kufuatwa kwa bidoni, dumu la plastiki, na kufunikwa. Watoto wa mtaani walinicheka nilivyotamka maneno, wakaniita mtoto wa samaki, na mimi nilidhani wananisifu.

Jioni ya kwanza Nkambo alisonga bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Nyumbani nilifundishwa adabu: mgeni akipewa chakula anashukuru. Basi nilipomeza tonge la pili nikasema, kwa heshima yote niliyokuwa nayo, "Aksanti, Nkambo."

"Umeshiba?" akauliza.

Nikaona haya, nikanyamaza. Nkambo akachukua sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati. Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa amekaa peke yake mno, alisahau kwamba mtoto mgeni hubembelezwa. Mimi nililala na njaa, nikiitazama ile sahani juu ya kabati, na pale nikajifunza kitu nilichokishika kwa muda mrefu: asante ni neno la mwisho. Ukilisema, wanaondoa.

Kulipopambazuka nikamsikia uani. Alikuwa na kigoda chake mlangoni mwa jiko, mizizi ya munkoyo kwenye kinu mbele yake, na kabla hajainua mchi alikuwa anasema na Mungu. Hakusema kama padri. Alisema kama mtu anayempa habari jirani aliye upande wa pili wa ua.

"Leza, wafwako," alianza, yaani Mungu, asante, kwa Kiluba chetu. Kisha akaingia Kiswahili, kwa sababu Kamina tunachanganya. "Nimeamuka. Miguu inaniuma, lakini iko. Maji iko mu bidoni. Mvua haikutoboa nyumba. Mutoto wa mwana wa ndugu yangu iko analala ndani, anapumua, nimemusikia. Aksanti. Aksanti sana kwa huruma yako."

Halafu akaniita. Nilitoka nikasimama mbele yake na baridi ya asubuhi ikiniingia kwenye nyayo.

"Na weye sema kitu kimoja. Kitu kimoja tu, tumuambie Mungu aksanti."

Nikafunga mdomo.

Nieleze jinsi nilivyolifikiria jambo hili, kwa sababu kwa akili ya wakati ule lilikuwa wazi kabisa. Mungu alikuwa na kitu changu mkononi, nacho ni mama. Alikuwa bado hajanipa. Nikisema asante kwa nyumba, asante kwa bukari, asante kwa kulala salama Kamina, Mungu atauliza, Umeshiba? Kisha atamchukua mama, atamfunika, atamweka juu mahali ambapo mkono wangu haufiki. Dawa ilikuwa moja tu: nisionekane nimeshiba.

Kwa hiyo sikushukuru. Si asubuhi ile, si asubuhi zilizofuata. Nkambo alingoja kidogo kila siku, kisha akasema, "Basi, nitasema ya kwako," na akageukia tena anga: "Leza, Mujinga naye anasema aksanti, amelala muzuri." Mujinga ni jina langu la Kiluba, halina ujinga ndani yake. Hapo nilishikwa na woga mkubwa. Moyoni nilipiga kelele, si mimi, si mimi niliyesema, huyu mzee anajisemea mwenyewe.

Kanisani ilikuwa hivyo hivyo. Watu waliimba wakipiga makofi, akina mama walicheza kupeleka vipaji altareni, mihogo, kuku aliyefungwa miguu, nami nilisimama katikati ya nguo zao zenye harufu ya sabuni na moshi, midomo imebanwa. Kulikuwa na watu wengi sana, na wote walionekana wameshiba. Sijapata tena kujisikia peke yangu kama nilivyojisikia kati ya makofi yale.

Mchana tulipeleka munkoyo stesheni. Nkambo alibeba ndoo kichwani, mimi nilibeba vikombe. Treni haikuwa na siku. Watu walilala pale na magodoro yao, mbuzi zao, vikapu vyao, wakiingoja, na ilipokuja walikunywa haraka wakirudisha vikombe madirishani. Nilipenda siku za treni. Nilitazama kila mwanamke aliyeshuka, kwanza miguu, kwa sababu miguu ya mama niliijua vizuri kuliko uso wake. Uso ulikuwa umeanza kunipotea. Nilijaribu kuurudisha nikapata sikio, au jino, au kovu kwenye kidole kutokana na mwiba wa samaki. Uso mzima haukuja.

Jirani yetu, Mama Kabamba, alikuwa mtu wa kikundi cha maombi kilichokutana nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa na binti wa umri wangu ambaye alinifundisha kuruka kamba. Siku moja alikuja akakaa na Nkambo jikoni, nami nilikuwa nyuma ya ukuta nikichambua mahindi.

"Mama Ngoie, minyi nasema juu ninakupenda," akasema, yaani kwa sababu anampenda. "Ule mutoto haiko muzuri. Hasali. Kila muntu anamushukuru Mungu, yeye anafunga kinywa. Mutoto mwenye kukataa jina ya Mungu iko na kitu ndani. Banamuleta kwako kutoka kwenye bantu banakufa, unajua alikula nini kule? Umulete kwetu. Batamufungisha chakula, batamuombea, ile buloji itatoka."

Neno buloji, uchawi, nililijua. Nililijua kwa sababu mtoni palikuwa na mvulana aliyeambiwa hivyo, akaishia kulala sokoni chini ya meza za samaki, hakuna aliyemfungulia mlango. Nikaacha mahindi. Nikangoja nisikie Nkambo atasema nini, maana mtu akinifukuza hapa, mama akija nyuma atanikuta wapi?

Nkambo alikoroga uji mpaka nikadhani anakubali.

"Mutoto huyu haiko muloji," akasema mwishoni, taratibu. "Iko na hasira na Mungu. Hata minyi nilikuwaka na hasira naye. Mungu anajua kuvumilia. Na weye jifunze."

"Mama Ngoie..."

"Hakuna muntu atamufungisha mutoto wangu chakula. Aksanti kwa kunitembelea."

Mama Kabamba alisimama akakung'uta nguo. Tangu siku ile binti yake hakuleta kamba tena. Darasani benchi langu likawa pana; watoto walijibana upande mmoja. Bombani walichota kwanza, halafu wakaondoka, ndipo nikasogea. Nilizoea kucheza na kivuli changu ukutani, nikikipa jina na kukiuliza habari za mtoni. Hata Nkambo alikuwa amekosea kuhusu mimi. Sikuwa na hasira. Niliogopa tu, na hofu yangu sikuweza kumwambia mtu, kwa sababu kuitaja kungeweza kumkumbusha Mungu.

Mjomba Banza alirudi wakati wa kiangazi, majani yalipokuwa yanachomwa kando ya reli na majivu yakidondoka kwenye nguo zilizoanikwa. Alisukuma baiskeli yenye gunia la samaki waliokaushwa. Nilimkimbilia. Nilimpita nikakimbilia nyuma yake, njiani, kutazama anayemfuata. Njia ilikuwa tupu.

Walinituma makaa. Niliporudi, Nkambo alikuwa ameketi chini kwenye udongo, miguu ameinyosha mbele, kitambaa kimetoka kichwani. Wanawake wa kwetu hawakai hivyo kwa jambo lingine. Mjomba Banza alinishika bega akaniambia yote, bila kuzungusha, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Bibi alikufa siku chache baada ya sisi kuondoka. Mama alikimbia na wengine kwenye visiwa vya mafunjo vinavyoelea juu ya maji, mahali ambapo watu wenye panga hawafiki. Huko aliingiwa na ugonjwa wa kuhara, na dawa nazo hazikufika.

Akina mama walikuja kulia. Mama Kabamba alikuja na unga, akakaa, akalia machozi ya kweli. Mimi nilikaa kwenye pembe ya mkeka. Kila aliyeingia alinigusa kichwa akasema maskini, na mkono wake ulipoondoka nilihisi baridi mahali ulipokuwa.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya Nkambo na nikangoja. Kwa kweli nilitaka kumkamata. Nilitaka kusikia leo atashukuru nini.

Alitoka. Kigoda kikalia chini yake. Jogoo wa mtaa wa pili aliwika, mwingine akamjibu, na Nkambo hakusema kitu. Kukawa kweupe. Mwishoni nilisikia sauti yake, ndogo kuliko siku zote.

"Leza. Leo sina."

Akasogeza kinu kando.

"Leo sina neno. Lakini nimekuja. Unaniona, nimekuja."

Nilitoka. Alikuwa amefunika uso kwa viganja na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Niliketi chini karibu na kinu, na yale niliyoyafunga kinywani tangu nifike yakatoka kwa mara moja.

"Nkambo, juu ya nini Mungu amemukamata mama? Minyi sikusema aksanti hata siku moja. Sikusema! Nilifunga kinywa. Juu ya nini basi amemukamata?"

Hakuelewa. Ilibidi nimweleze polepole: jioni ya kwanza, tonge la pili, neno langu, sahani juu ya kabati. Alinisikiliza, na mkono wake ukapanda mpaka mdomoni.

"Ulilala njaa?" akauliza. "Ile siku ya kwanza, mu nyumba yangu, ulilala njaa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akalia upya, na safari hii nilijua analia kwa ajili yangu. Alinivuta nikaangukia magotini mwake, kwenye harufu ya mizizi na makaa.

"Sikiliza," akasema akiwa bado amenishika. "Unawaza minyi nasema aksanti juu nimeshiba? Angalia hii nyumba. Niliamukaka mu hii nyumba hakuna muntu wa kuniambia umelala namna gani. Siku kwa siku. Nikaogopa nitasahau kusema. Njo nikaanza kusema na Mungu. Mwanzo nilimutukana."

"Mungu?"

"Yeye. Nilimuita majina mubaya juu ya batoto yangu. Kiisha asubuhi ingine nikaamuka, nikaona jua imetoka kwa minyi mwenye kumutukana. Sikumulipa kitu. Hakuniuliza kitu. Nikasema, huyu haiko na moyo kama wangu. Nikamuambia aksanti kwa jua. Haikuwa nimeshiba, Mujinga. Ilikuwa nimeona haniache. Ile njo huruma yake. Hakuna kingine naijua."

Alisimama, akapasha bukari ya jana, akaiweka mbele yangu, na akakaa akinitazama mpaka nikamaliza mwenyewe.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ile nilishukuru. Sikuweza, wala kesho yake. Nilichofanya ni kutoka kila asubuhi na kuketi karibu na kigoda, na alipotaja maji, na miguu, na pumzi yangu, sikupiga tena kelele moyoni kumpinga. Nilimwacha aseme. Leo, nikiwa na umri wa kuishi peke yangu kwenye nyumba ambayo simu ndiyo inayoniamsha, najua kwamba ile ilikuwa sala yangu ya kwanza: kukaa karibu na mtu anayesali. Nami sasa husema kwa sauti kila asubuhi, na mara nyingi sauti yangu hunigutusha, kwa kuwa ni ya kwanza kusikika chumbani tangu jana.

Njia zilipotulia, baada ya mvua, Nkambo alinipeleka kuona kaburi. Alikuwa amezeeka kwa safari ile, lakini alikataa nipelekwe na mwingine. Mtumbwi ulituteremsha kwenye kijiji kidogo ng'ambo ya matete, na huko tukampata Mama Umba, mwanamke aliyelala kibanda kimoja na mama kule kwenye mafunjo. Alikuwa anapasua samaki. Aliniangalia, akaweka kisu chini.

"Weye njo Mujinga," akasema, yaani wewe ndiye Mujinga.

"Njo minyi, mama."

"Uko na uso wake," akasema, na mimi, ambaye uso ule ulikuwa umenipotea, nikapeleka mkono shavuni.

Alitupeleka kwenye kichuguu cha udongo mkavu nyuma ya nyumba, kwa maana visiwani hakuna udongo wa kuzikia na waliwaleta wafu wao huku kwa mitumbwi. Kulikuwa na msalaba wa miti miwili iliyofungwa kwa kamba ya nyavu. Nkambo alisimama nyuma yangu. Mimi nilikuwa nimebeba swali moja tangu Kamina, na jibu lake nilikuwa nimeshajipa mwenyewe.

"Mama alikuwa ananiita?"

Mama Umba alifikiri. Alikuwa mtu asiyependa kudanganya watoto.

"Hapana. Hakukuita. Alikuwa anaogopa utarudia." Akafuta mikono kwenye nguo yake. "Kila asubuhi, mbele ya kunawa uso, anauliza bantu ba mitumbwi, munaona mutoto muke mwenye kitambaa ku kichwa, anarudia huku? Banamuambia, hapana, hakuna. Njo anapiga magoti pale juu ya mafunjo. Unajua mafunjo, ukipiga magoti maji inapanda. Inamufika ku kiuno. Anasema, Aksanti Leza, Mujinga alivuka. Aksanti, haiko huku. Njo ile tu, kila siku. Hata siku ya kufa."

Hakuna aliyeniambia niseme kitu. Mtoni mtu alikuwa anapiga maji kwa kasia kufukuzia samaki kwenye wavu, na upepo ulileta sauti ile na kuiondoa. Nilipiga magoti. Udongo ulikuwa mkavu na wenye joto.

"Aksanti," nikasema, "nilikuwa na mama."

Nyuma yangu Nkambo akajibu, "Amina." Mama Umba naye akajibu.